Rejista inasema nini? Mwongozo kwa shule za Arua na Koboko wa kutumia takwimu za wanafunzi

Mwongozo huu ni kwa ajili yako ikiwa wewe ni mwalimu, mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati ya shule, kiongozi wa RWC au mzazi ambaye mtoto wake anasoma katika shule ya Arua, Ayivu, Koboko, Lobule, Rhino Camp au Imvepi. Unaeleza jinsi ya kutumia takwimu ambazo shule yenu tayari inazo ili mjue ni watoto gani wanapotea, wapi wanakwama, na mfanye nini kabla muhula haujaisha. Huhitaji kompyuta. Unahitaji rejista, kalamu, karatasi, na watu watano au sita walio tayari kukaa pamoja kwa saa moja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Shule zetu zinahesabu sana. Mwalimu anaita majina asubuhi. Mwalimu mkuu anajaza fomu ya wilaya, shirika linaloisaidia shule linataka ripoti yake, na Wizara ya Elimu inataka taarifa za kila mwanafunzi ziingizwe kwenye mfumo wake wa takwimu unaoitwa EMIS. Namba hizo zote huenda juu. Mara nyingi hazirudi chini kumsaidia mtoto ambaye jina lake limeandikwa pale.

Matokeo yake tunayaona. Mtoto anakosa siku mbili, halafu wiki, halafu mwezi. Rejista ilimwonyesha tangu siku ya pili, lakini hakuna aliyekaa kuisoma. Muhula ukiisha tunasema "ameacha shule", kana kwamba aliamua siku moja. Kuacha shule huanza polepole, na dalili zake za kwanza ziko kwenye rejista ya mahudhurio.

Eneo letu lina sababu zake za kuwa makini zaidi. Ayivu ndiyo kaunti ya zamani inayozunguka mji wa Arua. Mji huo ulipopewa hadhi ya jiji Julai 2020, Ayivu ikawa divisheni ya jiji. Katika shule zake wanasoma watoto wa wenyeji pamoja na watoto wa wakimbizi wanaoishi mjini, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Congo. Rhino Camp na Imvepi, zilizokuwa chini ya wilaya ya Arua, sasa ziko katika wilaya mpya za Madi-Okollo na Terego. Lobule, katika wilaya ya Koboko, imepokea hasa watu kutoka Congo. Familia zinahama kati ya makazi na mji, na nyingine zinavuka mpaka na kurudi. Kwa hiyo shule isiyosoma rejista yake haiwezi kujua kama mtoto amehama, ni mgonjwa, ameolewa, au yuko nyumbani kwa sababu hana daftari.

Kuna funzo pia kutoka Koboko kwenyewe. Kwa muda mrefu mipango ya mji haikuwahesabu wakimbizi wanaoishi nje ya makazi. Walikuwa wakitumia visima, zahanati na shule za mji, lakini kwenye karatasi hawakuwepo. Manispaa ya Koboko ilipoanza kuwahesabu, iliweza kuonyesha uzito inaoubeba, na takwimu hizo zikaisaidia kupata fedha za Umoja wa Ulaya kwa huduma za mji. Shule nayo ni hivyo. Mtoto asiyehesabiwa vizuri hapangiwi dawati, kitabu wala mwalimu.

Kuandikishwa na kujifunza ni mambo mawili

Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini tangu wakati huo tumejifunza kwamba mtoto anaweza kuandikishwa, akakaa darasani miaka minne, na bado asiweze kusoma hadithi fupi. Shirika la Uwezo, ambalo limekuwa likipima watoto wa Uganda tangu 2010, na mwaka 2018 likatoa ripoti kuhusu watoto wa maeneo ya wakimbizi, limeonyesha pengo hilo mara kwa mara.

Kisha ukaja ugonjwa wa COVID-19. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na watoto wote wakarudi madarasani tarehe 10 Januari 2022. Hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko hapo. Watoto wadogo waliokuwa P1 na P2 walikaa karibu miaka miwili bila mwalimu. Wengi walipandishwa darasa waliporudi. Kwa sababu hiyo, jina la darasa peke yake halikuambii mtoto anajua nini. Inabidi upime.

Takwimu ambazo tayari mnazo

Kabla ya kuanza fomu mpya, kusanyeni vilivyopo:

- Rejista ya mahudhurio ya kila darasa. Hii ndiyo muhimu kuliko zote.
- Kitabu cha uandikishaji, chenye umri wa mtoto, jinsia, tarehe aliyofika na shule aliyotoka.
- Namba ya mwanafunzi kwenye EMIS, inayoitwa LIN. Mtoto akihama, namba hiyo inapaswa kumfuata.
- Alama za majaribio ya katikati na mwisho wa muhula.
- Matokeo ya PLE ya miaka mitatu iliyopita, kutoka UNEB.
- Kitabu cha mahudhurio ya walimu. Mahudhurio ya watoto hayaeleweki bila ya walimu.

Angalieni kwanza kama karatasi hizi zinakubaliana. Mtoto wa mkimbizi anaweza kuwa na jina lililoandikwa kwa njia tatu: moja kwenye karatasi ya familia inayotolewa na OPM, nyingine kwenye rejista, na ya tatu kwenye EMIS. Hilo huonekana dogo mpaka siku ya kusajili watahiniwa wa PLE, au siku mtoto anapotafuta nafasi ya sekondari na cheti chake hakilingani na kitambulisho. Kulisahihisha mapema, akiwa P5, ni rahisi zaidi kuliko kulisahihisha akiwa tayari ana cheti mkononi.

Nani akae kwenye timu

Timu ndogo inafanya kazi kuliko mkutano mkubwa. Chagueni:

- mwalimu mkuu au naibu wake;
- mwalimu anayesimamia masomo na mitihani;
- mwalimu wa kike aliyekabidhiwa malezi ya wasichana;
- walimu wa madarasa mnayoyazungumzia siku hiyo;
- mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi wa shule;
- mzazi au mjumbe wa RWC anayejua vijiji na zoni ambako watoto wanatoka.

Mtu huyo wa mwisho msimwache. Walimu wanajua nani hakuja. Majirani ndio wanaojua kwa nini. Na kama shule ina watoto wanaozungumza lugha ambayo hakuna mwalimu anayeijua, mzazi wa lugha hiyo awe karibu.

Kutaneni mara moja kila wiki mbili, siku na saa ileile. Ijumaa mchana inafaa kwa shule nyingi. Saa moja inatosha ikiwa swali ni moja.

Hatua tano za mkutano

1. Chagueni swali moja. "Elimu yetu ikoje?" ni swali kubwa mno. "Ni watoto gani wa P4 wamekosa zaidi ya siku tatu kati ya kumi zilizopita?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa rejista.

2. Hesabuni. Andikeni namba kwenye karatasi kubwa ili kila mmoja aone, si mwalimu mkuu peke yake.

3. Ulizeni kwa nini. Hapa msikimbilie jibu. Andikeni sababu zote mnazozifikiria, kisha mjiulize: tunajua, au tunadhani?

4. Amueni jambo moja au mawili, na andikeni nani atalifanya na kwa tarehe gani.

5. Rudini kuangalia. Mkutano unaofuata unaanza na yale mliyoahidi. Kama namba hazikubadilika, badilisheni njia.

Hatua ya tano ndiyo huachwa mara nyingi. Bila hiyo, mkutano unakuwa mazungumzo tu.

Mfano: mahudhurio ya P4

Tuchukue darasa la kufikirika, lakini linalofanana na mengi ya kwetu. P4 ina watoto 120. Kwa wiki mbili kulikuwa na siku 10 za shule. Kama wote wangekuja kila siku, rejista ingekuwa na alama 120 × 10, yaani 1,200. Mmehesabu alama za waliofika mkapata 900. Gawanya 900 kwa 1,200, zidisha kwa 100: mahudhurio ni asilimia 75.

Shule nyingi zinaishia hapo, zinaandika "75%" kwenye ripoti na kuendelea. Lakini ingieni ndani ya namba hiyo. Hesabuni kila mtoto amekuja siku ngapi. Mnaweza kukuta hivi:

- watoto 70 walikuja siku zote 10;
- watoto 30 walikuja siku 6 kila mmoja;
- watoto 20 walikuja siku 1 tu.

Jumla bado ni 900. Sasa lakini hamna tatizo moja, mna matatizo mawili tofauti. Wale 20 wako karibu kuondoka kabisa, au wameshahama na majina yao yamebaki. Hao wanahitaji mtu wa kwenda nyumbani wiki hiihii. Wale 30 wanakuja nusunusu. Kwao angalieni ni siku zipi wanakosa.

Chukueni siku moja moja. Labda Jumatatu hadi Jumatano darasa limejaa, na Alhamisi nusu hawapo. Alhamisi kuna nini? Inaweza kuwa siku ya soko. Inaweza kuwa siku ya kugawa chakula au pesa, ambapo mtoto mkubwa anabaki kulea wadogo wakati mama yuko kwenye foleni. Tangu Julai 2023, WFP inapogawa familia katika makundi matatu kulingana na mahitaji, na makundi mengine kupata kidogo au kutopata kabisa, nyumba nyingi zimelazimika kutafuta chakula kwa njia nyingine, na watoto wanaingia katika kazi hiyo. Wakati wa kulima na wa kuvuna, rejista pia huonyesha.

Mkishajua siku, mnaweza kuamua kitu. Somo gumu la hesabu lisiwekwe Alhamisi. Jaribio lisifanyike siku ya mgao. Kamati iongee na wanaosimamia ugawaji ili familia zenye watoto wadogo zihudumiwe mapema. Maamuzi haya hayagharimu pesa, na hakuna ambalo lingetokana na "75%" peke yake.

Tenganisheni pia wasichana na wavulana, halafu wakimbizi na wenyeji, halafu watoto wenye ulemavu. Kama wasichana wa P5 na P6 wanakosa siku tatu au nne kila mwezi, mwalimu wa malezi ya wasichana anajua pa kuanzia: maji, choo chenye mlango unaofungwa, na vifaa vya hedhi. Kama watoto wa zoni moja ndio wanaokosa mvua inaponyesha, tatizo ni njia au kijito.

Mfano: nani anaweza kusoma

Namba za mahudhurio zinakuambia nani yupo. Hazikuambii anajifunza nini. Kwa kusoma, tumieni kipimo kifupi kinachofanana na kile cha Uwezo. Mtoto mmoja mmoja anakaa na mwalimu dakika chache na kuonyeshwa karatasi: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ndogo ya kiwango cha P2. Mwandike kwenye kiwango cha juu alichoweza, bila kumpa alama wala nafasi darasani.

Tuseme mmewapima watoto 60 wa P4 na kupata hivi:

- hawajui herufi: 12
- wanajua herufi tu: 18
- wanasoma maneno: 15
- wanasoma aya: 9
- wanasoma hadithi na kuelewa: 6

Mwalimu anayefundisha kitabu cha P4 anawafundisha watoto 15 wa mwisho. Wengine 45 wanakaa na kunakili ubaoni. Mwalimu si mvivu, ila anafundisha darasa ambalo silabasi inadhani lipo.

Uamuzi mmoja unaowezekana ni kutenga saa moja kila siku ambapo watoto wa P3, P4 na P5 wanapangwa kwa kiwango cha kusoma, siyo kwa darasa. Mwalimu mmoja anachukua wa herufi, mwingine wa maneno, mwingine wa aya na hadithi. Baada ya wiki sita mnapima tena na kuwahamisha waliopanda. Njia hii ilikuzwa na shirika la Pratham huko India, na imefanyiwa kazi katika nchi kadhaa za Afrika. Inafaa hasa pale ambapo madarasa yamejaa watoto wa viwango vingi, kama ilivyo kwetu.

Lugha ipewe uangalifu wake. Kwa mtaala wa Uganda, P1 hadi P3 wanafundishwa kwa lugha ya eneo: Kilugbara upande wa Arua, Kikakwa upande wa Koboko. Katika P4 wanaingia kwenye Kiingereza. Mtoto wa Kikakwa aliyetoka Congo au Sudan Kusini anaweza kuelewana vizuri na wenzake wa Koboko, kwa sababu Wakakwa wanaishi nchi zote tatu. Lakini mtoto aliyekuwa akisoma kwa Kifaransa na kuongea Kilingala au Kiswahili nyumbani, au aliyeanza shule kwa Kiarabu, anaweza kuonekana "hajui kusoma" kumbe anasoma vizuri kwa lugha nyingine. Mpimeni kwa Kiingereza na, ikiwezekana, kwa lugha anayoijua. Kama anasoma Kifaransa, hahitaji kurudishwa kwenye herufi. Anahitaji Kiingereza. Akirudishwa P2 na watoto wadogo ilhali ana miaka 13, mtampoteza.

Kwa wenye umri mkubwa, ulizeni kama kuna kituo cha elimu ya haraka karibu. Mpango huo una ngazi tatu: ya kwanza inashika P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7. Safu ya umri kwenye kitabu cha uandikishaji itawaonyesha ni nani wa kuelekezwa huko.

Kusoma matokeo ya PLE bila kujidanganya

Matokeo ya PLE yakitoka, shule inahesabu waliopata Daraja la Kwanza na kubandika majina ukutani. Hiyo ni furaha ya haki. Lakini timu iulize maswali zaidi.

Mtahiniwa anafanya masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Masomo ya Jamii. Kila somo lina alama kutoka 1, ambayo ni bora, hadi 9, ambayo ni kufeli. Jumla bora ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Kwa hiyo tazameni somo kwa somo. Kama watoto wengi wana 3 au 4 katika Masomo ya Jamii na 8 au 9 katika Hesabu, mnajua msaada uende wapi mwaka ujao, na mnaweza kuanza na P5 badala ya kungoja P7.

Kisha hesabuni kuanzia nyuma. Tuseme mwaka uliotangulia P6 ilikuwa na watoto 80. Waliosajiliwa kwa PLE ni 60. Waliofanya mtihani ni 54. Waliofaulu ni 50. Shule inaweza kusema kwa ukweli kwamba karibu asilimia 93 ya waliofanya mtihani wamefaulu. Lakini kati ya wale 80 waliokuwa P6, waliofaulu ni asilimia 62 na nusu. Wale 20 ambao hawakusajiliwa wako wapi? Na wale 6 waliosajiliwa wakakosa mtihani?

Hapa pana hatari. Shule inayopimwa kwa asilimia ya waliofaulu inaweza kushawishika kuwazuia watoto dhaifu wasisajiliwe, au kuwaambia warudie P6 mpaka wachoke. Asilimia inapanda, na watoto wanaondoka. Mjumbe wa kamati na mzazi wana haki ya kuuliza namba zote nne, siyo ile ya mwisho tu.

Yale ambayo rejista haisemi

Alama ya kukosa haina sababu ndani yake. Kabla ya kuamua, mtu aende nyumbani. Asiende kama polisi. Aende kama jirani: asalimie, akae, aulize hali ya nyumba, kisha aulize kuhusu mtoto. Mara nyingi sababu itakuwa mojawapo ya hizi: ada au mchango uliodaiwa, sare, ugonjwa, kulea wadogo, kazi, kupigwa au kudhihakiwa shuleni, mimba au mipango ya ndoa, ulemavu, au familia imehama.

Aliyehama asiandikwe kama aliyeacha shule. Andikeni "amehamia", na mahali, na namba yake ya LIN. Pigieni simu shule aliyokwenda ikiwa inajulikana. Kwa familia zinazokwenda na kurudi kati ya Lobule na mji wa Koboko, au kati ya Rhino Camp na Arua, simu moja baina ya walimu wakuu inaweza kumwokolea mtoto muhula mzima.

Mkikuta dalili za ndoa ya utotoni, unyanyasaji au mtoto kutumikishwa, hilo halimalizwi na timu ya takwimu. Lipelekeni haraka kwa mfanyakazi wa ulinzi wa watoto katika zoni yenu, au polisi wa kitengo cha familia na watoto.

Makosa ya kuepuka

Kuongeza idadi. Serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, na mashirika hupanga msaada kwa kuhesabu vichwa. Kishawishi cha kubakiza majina ya waliohama kipo. Lakini namba zilizotiwa chumvi zinaharibu kila hesabu inayofuata: mahudhurio yanaonekana mabaya kuliko yalivyo, na mkaguzi akihesabu darasani, shule inapoteza imani ya wote.

Kuadhibu kwa takwimu. Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Mtoto aliyekosa siku nne akirudi na kupigwa, atakosa ya tano. Vivyo hivyo mwalimu ambaye darasa lake lina namba mbaya akitukanwa mkutanoni, mwezi ujao ataandika namba nzuri.

Kuanika siri. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawahusu watoto pia. Karatasi ya ukutani iwe na jumla tu. Majina, hali ya kiafya, mimba, hali ya ukimbizi na habari za nyumbani zikae kwenye daftari moja linalofungiwa. Msipige picha ya orodha ya majina na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kukusanya bila kutumia. Kila fomu inamlia mwalimu muda wa kufundisha. Kama hakuna uamuzi unaoitegemea, iacheni.

Wewe mzazi unaweza kuuliza nini

Huhitaji kujua kusoma ili kuuliza. Nenda siku ya mkutano wa wazazi, au umwombe mjumbe wa RWC akusindikize. Uliza:

- Mwanangu amekosa siku ngapi muhula huu, na siku zipi?
- Anasoma kwa kiwango gani: herufi, maneno, au hadithi?
- Jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vimeandikwaje kwenye EMIS? Vinalingana na karatasi ya familia?
- Shule imeamua nini kwa watoto walio nyuma, na lini mtapima tena?

Mkiwa mnahama, pitia shuleni kabla ya kuondoka na uombe barua ya uhamisho na namba ya LIN. Hifadhi vyote pamoja na karatasi ya familia.

Kupeleka namba zenu juu

Takwimu za shule haziwezi kujenga madarasa wala kuleta chakula. Zinachoweza ni kuimarisha ombi lenu. Serikali ya Uganda inalenga mwalimu mmoja kwa wanafunzi 53, na mpango wa taifa wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, uliozinduliwa mwaka 2018, uliwekwa ili wote wawili wahudumiwe pamoja. Barua kwa afisa elimu wa wilaya au wa jiji inayosema "tuna watoto wengi" inafanana na barua nyingine zote. Barua inayosema "P4 ina watoto 120 na mwalimu mmoja, 20 wako karibu kuacha, tumepanga vikundi vya kusoma na tunahitaji walimu wasaidizi wawili wanaojua Kikakwa na Kifaransa" inampa afisa kitu cha kukifanyia kazi. Ambatisheni jedwali moja, na mpeleke nakala kwa kamati ya shule, RWC na shirika linalowasaidia.

Pa kuanzia

Ijumaa hii chukueni rejista ya darasa moja tu. Hesabuni siku 10 za mwisho. Andikeni majina ya watoto waliokosa zaidi ya siku tatu, na mbele ya kila jina andikeni nani atakwenda nyumbani kwao kabla ya Jumatano. Wiki mbili baadaye, kaeni tena na mwangalie wangapi wamerudi. Mkizoea darasa hilo, ongezeni jingine.